Kumsifu na kumrekebisha mfanyakazi

Nimesimamia watu wa ghala kwa miaka 11, na mwanzoni "kazi nzuri" niliigawa kama salamu. Haikusaidia kitu. Sifa isiyotaja jambo huingia sikio hili ikatokea lile. Siku hizi nataja tendo lenyewe: "Jana uligundua katoni 6 zina lebo zisizo zake kabla gari halijaondoka. Umetuokoa na safari ya kurudisha mzigo." Msifu siku hiyohiyo au kesho yake, usingoje tathmini ya mwaka. Kuna wanaopenda kusifiwa mbele ya wenzao na kuna wanaoona haya, waulize tu.

Kurekebisha ni faraghani, siku zote. Niliwahi kumgombeza kijana mbele ya kikosi kizima kwa kuchelewa. Tangu hapo akaacha kuniletea matatizo, nikawa nayasikia yakishaharibika. Kosa langu. Sasa namwita mtu pembeni, namweleza nilichokiona, simpi jina. Usiseme "wewe mzembe", sema "ripoti ya Jumatatu na ya Jumatano hazikuwa na jumla, mhasibu akakwama." Halafu nyamaza. Kimya hicho ni kigumu (mimi huuma ulimi), lakini ndicho kinachotoa maelezo: mara nyingi utakuta kompyuta mbovu, au maagizo uliyoyatoa wewe mwenyewe nusunusu. Kubalianeni hatua moja na siku ya kuiangalia tena, kisha iandike.

Na ile mbinu ya kuficha lawama katikati ya sifa mbili? Niliiacha. Watu walianza kushtuka kila nilipowasifu, wakisubiri "lakini".