Kutambua ioni kwenye chumvi usiyoijua

Chumvi ya kemia huundwa na ioni, yaani chembe zenye chaji, chanya na hasi. Kabla ya kitendanishi (kemikali ya kupimia) chochote, itazame chumvi yenyewe. Bluu inaashiria shaba, kijani hafifu chuma(II), njano ya kahawia chuma(III). Kisha yeyusha kidogo kwenye maji yaliyokenekwa. Ya bomba huwa na kloraidi, yatakupotosha mbele.

Hatua ya 1: Tia haidroksaidi ya sodiamu tone kwa tone, huku ukitikisa neli ya majaribio. Tafadhali usimimine! Alumini, zinki na risasi zote hutoa mashapo (chembe ngumu zinazotokea ndani ya maji) meupe, na yote huyeyuka kitendanishi kikizidi. Mwenye pupa hayaoni kabisa, anaandika "hakuna badiliko" na jibu limeshampita. Mashapo ya bluu ni shaba, ya kahawia-nyekundu ni chuma(III). Ya kijani kichafu ni chuma(II): yaache kidogo, utaona sehemu ya juu inayogusa hewa ikigeuka kahawia. Usipoona mashapo, pasha moto taratibu na ushike litimasi nyekundu (karatasi ya kupimia asidi na besi) iliyoloweshwa mdomoni mwa neli. Ikigeuka bluu, gesi ya amonia inatoka: una ioni ya amoniamu.

Hatua ya 2: Chukua mmumunyo mpya (chumvi ile iliyoyeyushwa), rudia kwa amonia. Mashapo ya zinki huyeyuka ikizidi. Ya alumini na risasi hubaki. Shaba hutoa bluu iliyokolea, ukiiona mara moja huisahau. Kutenga risasi na alumini, tone la ayodaidi ya potasiamu latosha: risasi huwa njano kali.

Hatua ya 3: Sasa anioni, yaani ioni zenye chaji hasi. Asidi ikitoa povu, na gesi yake ikafanya maji ya chokaa kuwa kama maziwa, ni kabonati. Salfati: asidi ya haidrokloriki, kisha kloraidi ya bariamu, mashapo meupe. Kloraidi: asidi ya nitriki, kisha nitrati ya fedha, meupe pia, ila huyeyuka kwenye amonia.

Vaa miwani ya kinga. Risasi na bariamu ni sumu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, asidi kabla ya bariamu ni ya nini?*
Kabonati nayo hutoa mashapo meupe na bariamu. Asidi inaiondoa kwanza.

*Naweza kutumia haidrokloriki badala ya nitriki kwenye jaribio la kloraidi?*
Hapana, ndugu yangu. Utakuwa umetia kloraidi wewe mwenyewe, na kila sampuli itatoa mashapo.

*Yangu meupe hayayeyuki hata haidroksaidi ya sodiamu ikizidi, na amonia haitoi kitu.*
Shuku kalsiamu. Jaribu mwali wa moto: ukiwa mwekundu kama tofali, ndiyo yenyewe.