Hatua kwa Hatua: Kuifuatilia Nadharia ya Dola ya Mafashisti wa Uhispania

Wanafunzi wangu wengi huanza na Franco, dikteta wa Uhispania, nami huwarudisha nyuma, kwa kuwa Franco aliikuta nadharia hii imekwisha kuandikwa na wengine. Njia ninayofundisha ni kushika maneno machache na kuyafuata kutoka hati moja hadi nyingine.

Hatua ya 1. Anza na Ramiro Ledesma Ramos, mwanafalsafa kijana aliyeajiriwa posta, ambaye Machi 1931 alianzisha gazeti la La Conquista del Estado, yaani Kuiteka Dola. Jina lenyewe, lililoazimwa Italia, linatosha kuonyesha msimamo wake.

Hatua ya 2. Soma hotuba ya mwanasheria José Antonio Primo de Rivera ya tarehe 29 Oktoba 1933, Madrid. Anafungua kwa kumshambulia Rousseau, mwanafalsafa aliyetetea utawala wa matakwa ya umma: iwapo haki na ukweli huamuliwa kwa kura, dola haina inachokiamini. Baadaye atasema taifa ni umoja wa majaliwa. Hapa usiharakishe, kwani wazo hilo lina deni kubwa kwa Ortega y Gasset, mwanafalsafa mliberali wa Uhispania aliyelieleza taifa kuwa mradi wa kuishi pamoja; José Antonio aliuchukua mradi huo, akawanyima watu haki ya kuukataa.

Hatua ya 3. Fungua hoja 27 za mwaka 1934 za Falange, chama cha kifashisti alichokianzisha José Antonio, na upige mstari hoja ya 6: dola itakuwa «chombo cha kiimla» cha kuutumikia umoja wa nchi, na raia watashiriki kupitia familia, manispaa na chama cha wafanyakazi, si vyama vya siasa. Neno la kuzingatia ni «chombo», kwa sababu liliwaruhusu Wakatoliki kudai kwamba dola yao haikuwa mungu. Hoja ya 7 inautukuza utu wa binadamu, kisha inasema aliye huru kweli ni yule tu wa taifa lenye nguvu.

Hatua ya 4. Ledesma na José Antonio waliuawa mwaka 1936, kwa hiyo wageukie maprofesa: Luis Legaz Lacambra, aliyewahi kumtafsiri Kelsen, mwanasheria wa Austria, na Francisco Javier Conde, aliyemfuata mwanasheria wa Ujerumani Carl Schmitt na kuandika mwaka 1942 juu ya mamlaka ya Kaudilio, yaani Kiongozi, cheo cha Franco. Maneno ya hoja ya 6 yalikuwa yamekwisha kuingia katika Hati ya Kazi ya 1938, sheria ya Franco kuhusu kazi.

Hatua ya 5. Weka hoja za 1934 kando ya sheria ya 1958 ya Kanuni za Harakati (jina la chama pekee cha utawala wa Franco), inayoitambulisha nchi kuwa ufalme wa kimapokeo na wa Kikatoliki. Familia, manispaa na chama cha wafanyakazi bado vimo. «Chombo cha kiimla» hakimo tena.