Somo: Tuisheni ya APUSH hatua kwa hatua, na maswali yenu

Wazazi wengi mnaniandikia jambo lile lile: mtoto yuko darasa la 11 hapa Marekani, kachukua APUSH, yaani somo la historia ya Marekani la ngazi ya AP (masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari), darasani anapata A, lakini kwenye mtihani wa majaribio anaambulia 2 kati ya 5. Nimeona niandike somo zima mara moja.

Nyumbani Tanzania nilifundisha historia kidato cha tano na sita. Huku nafundisha tuisheni Jumamosi, kwenye meza ya jikoni kwangu. Mwanafunzi wangu wa kwanza nilimharibu mwenyewe. Nilimjazia notisi kama tulivyojaziwa sisi, akakariri marais wote kwa mpangilio pamoja na miaka yao, akaenda Mei akapata 2. Historia aliijua, tena sana. Kilichomshinda ni kuitumia, na hilo sikumfundisha.

Hatua ya 1: Ujue mtihani wenyewe

Mtihani unachukua muda wa saa tatu na robo. Kuna maswali 55 ya kuchagua kwa dakika 55, yenye asilimia 40 ya alama. Yanafuata maswali matatu ya majibu mafupi, dakika 40, asilimia 20. Halafu insha mbili: ile ya nyaraka saba, ambayo watoto wanaiita DBQ, asilimia 25, na insha ndefu ya kawaida, asilimia 15.

Jumlisha mwenyewe. Asilimia 60 ya alama inatokana na kuandika, na hata yale maswali ya kuchagua yamefungwa kwenye kipande cha hotuba, ramani au katuni ambayo lazima mtoto aisome kwanza. Hakuna swali la "vita vya kitu fulani vilianza mwaka gani".

Hatua ya 2: Mpime kabla hujafundisha

Siku ya kwanza usifundishe kitu. College Board, wenye mtihani, wameweka maswali ya insha ya miaka iliyopita kwenye tovuti yao bure, pamoja na miongozo ya usahihishaji na insha za watahiniwa zilizokwisha kupewa alama. Mpe DBQ moja, weka saa, nenda kapike. Akimaliza, sahihisheni pamoja kwa mwongozo ule ule. Mtoto akiona kwa macho yake kwamba kurasa tatu alizoandika zimempa alama 2 kati ya 7, hutahitaji kumhubiria.

Hatua ya 3: Gawa muda kwa uzito

Mtaala una vipindi tisa, kuanzia 1491 hadi leo. Kipindi cha kwanza (mpaka 1607) na cha tisa (tangu 1980) vina asilimia 4 hadi 6 kila kimoja. Cha pili kina 6 hadi 8. Vilivyobaki, 10 hadi 17 kila kimoja. Tena DBQ hutoka kati ya 1754 na 1980 tu. Kwa hiyo mwalimu anayemaliza mwezi mzima kwa Columbus anakula muda wa mtoto.

Hatua ya 4: Hoja kuu, sentensi moja yenye "ingawa"

Tuseme swali linauliza juu ya Ujenzi Mpya (Reconstruction), miaka iliyofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani: Ujenzi Mpya wa 1865 hadi 1877 ulibadilisha maisha ya watu weusi wa Kusini kwa kiasi gani?

Wengi huanza hivi: "Ujenzi Mpya ulikuwa na mazuri na mabaya yake." Hiyo ni sifuri. Hata supu ina mazuri na mabaya yake.

Namfundisha kiunzi cha sehemu tatu: ingawa hivi, lakini vile, kwa sababu hii. Inakuwa: "Ingawa marekebisho ya 13, 14 na 15 ya katiba yalikomesha utumwa, yakawapa watu weusi uraia na wanaume wao haki ya kura, sehemu kubwa ya maisha yao haikubadilika, kwa sababu ardhi ilibaki mikononi mwa mabwana wa zamani na serikali kuu iliacha kuwalinda kwa jeshi baada ya 1877." Sentensi ndefu, sawa, lakini ndani yake mna mpango mzima wa insha. Aya ya kwanza itahusu katiba, ya pili kilimo cha kugawana mavuno, ya tatu mwaka 1877.

Tunaandika hoja kuu kumi kwa wiki bila kuandika insha hata moja. Watoto wanalalamika, mimi naendelea.

Hatua ya 5: Kuihoji nyaraka

Hapa ndipo nakaa muda mrefu kuliko kote, maana hapa ndipo alama zinapopotea.

Nachapa barua ya Abraham Lincoln ya tarehe 22 Agosti 1862 kwa Horace Greeley, mhariri wa New York Tribune. Lincoln anasema shabaha yake kuu ni kuuokoa Muungano, yaani Marekani isigawanyike. Kama angeweza kuuokoa bila kumwachia huru mtumwa hata mmoja, angefanya hivyo. Kama ni kwa kuwaachia wote, angefanya hivyo pia.

Binti mmoja aliisoma akaandika: "Barua hii inaonyesha Lincoln hakujali watumwa." Nikamwambia weka kalamu chini, tumhoji mzee huyu kama mtu aliyegonga mlango usiku. Nani anaongea? Rais aliye katikati ya vita na majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Anamwambia nani? Mhariri aliyemshambulia hadharani kwamba anachelewa kuwakomboa watumwa, na jibu linachapishwa gazetini, kwa hiyo kila mtu analisoma. Nani hasa hapaswi kukasirika akilisoma? Hapo akafungua ramani: Kentucky, Missouri, Maryland na Delaware, majimbo yenye watumwa ambayo hayakujitenga. Akizipoteza Maryland na Kentucky, Lincoln amekwisha.

Ndipo nikamtolea karata ya mwisho. Tarehe 22 Julai, mwezi mmoja kamili kabla ya barua hiyo, Lincoln alikwisha kuwasomea mawaziri wake rasimu ya tangazo la kuwakomboa watumwa. Ilikuwa inasubiri ushindi vitani. Baada ya mapigano ya Antietam, Septemba, akalitoa, na likaanza kazi tarehe 1 Januari 1863. Binti akanyamaza, akarudi kusoma mstari wa mwisho wa barua aliokuwa ameuruka, pale Lincoln anaposema hajabadili matakwa yake binafsi kwamba watu wote kila mahali wawe huru.

Akafuta, akaandika upya: "Kwa kuwa Lincoln aliandika akijua majimbo ya mpakani yangeisoma barua hii, alieleza ukombozi kama njia ya kuokoa Muungano, ndiyo maana barua haipimi imani yake bali inaonyesha jinsi siasa za vita zilivyombana." Ona hiyo "ndiyo maana". Kutaja kwamba mwandishi alikuwa rais hakuleti alama. Alama inakuja pale mtoto anapoeleza urais huo, au wasomaji hao, unabadilisha nini katika hoja yake. Anatakiwa afanye hivyo kwa nyaraka mbili angalau, na atumie nyaraka nne kutetea hoja yake ili apate alama zote mbili za nyaraka. Aongeze na ushahidi mmoja wa kichwani, usiomo kwenye nyaraka. Tarehe 22 Julai ingefaa sana hapo.

Hatua ya 6: Saa na kibodi

Tangu 2025 mtihani unafanyika kwenye kompyuta, kwa programu inayoitwa Bluebook. Mtoto anayechapa kwa vidole viwili amekwisha kupunguziwa muda. Insha mbili zina dakika 100: 60 za DBQ, na 15 za mwanzo ni za kusoma, kisha 40 za insha ndefu. Ajizoeze kuiacha DBQ saa ikifika, hata kama ana neno moja tamu la kuongeza.

MASWALI YENU

Mwalimu, habari ya kazi. Mimi ni baba, tuko Kentucky, tulitokea kambi ya Nyarugusu. Kijana wangu anaongea Kiingereza vizuri lakini akiandika anaogopa makosa, anafuta kila mara. Watamkata alama?

Habari nzuri, baba. Hapana. Mwongozo wa usahihishaji unasema wazi kwamba insha ni rasimu ya kwanza, na makosa ya sarufi hayahesabiwi ila yakificha maana. Mruhusu ajadili nawe kwa Kiswahili kwanza, mezani, abishane nawe kabisa, halafu ndipo aandike kwa Kiingereza. Aliyekwisha kubishana ana hoja tayari. Kufuta ndiko kunakomwibia dakika.

Mimi mama wa watoto wawili, Ohio. Ada ya mtihani ni karibu dola mia. Kuna nafuu?

Ipo kwa familia za kipato kidogo, dada yangu, lakini haiji yenyewe. Mwone mratibu wa AP shuleni kwao mapema, maana shule nyingi hufunga orodha ya watahiniwa Novemba, ingawa mtihani ni Mei. Na kabla hujalipa, angalia vyuo anavyovitaka: vingine vinamhesabia mtoto somo hilo kama amelisoma chuoni akipata 3, vingine vinataka 4 au 5.

Asiyejua jibu kwenye maswali ya kuchagua aache wazi?

Asiache hata moja. Hakuna alama inayokatwa kwa kukosea.

Shikamoo mwalimu. Mimi ndiye mwanafunzi mwenyewe. Bibi yangu wa Unguja anakiita kile kitambaa cheupe kigumu "merikani". Naweza kukitumia kwenye insha au watanicheka?

Marahaba, mwanangu. Hawatakucheka, mradi kifanye kazi. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakishusha majora ya kitambaa Unguja, wakarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Seyyid Said ni wa 1833. Nguo ikabeba jina la nchi ilikotoka. Sasa jiulize pamba yake ililimwa wapi na nani. Ililimwa Kusini, na watumwa, ikafumwa viwandani Kaskazini. Ukipata swali la mapinduzi ya soko (market revolution, biashara na viwanda vilipoenea nchini) ya nusu ya kwanza ya karne ya 19, huo ni ushahidi wa nje ambao wenzako hawatakuwa nao: kwamba viwanda vya Kaskazini, hata vilipouza mpaka Bahari ya Hindi, vilisimama juu ya utumwa wa Kusini. Lakini swali likiwa la mikataba ya Wahindi Wekundu au haki za wanawake, merikani ibaki kabatini kwa bibi. Andika aya moja unitumie kabla ya Jumamosi, na usinieleze kitambaa kilivyo. Nieleze kinathibitisha nini.