Kabla hujabonyeza apdeti kubwa, kumbuka kile unachokitumia mara moja kwa mwaka

Apdeti kubwa, ile ya kubadilisha toleo zima la mfumo, ikimaliza kuingia kompyuta inawaka vizuri tu, picha mpya kwenye skrini, menyu zimehamahama kidogo, brauza inafunguka, imeili zinaingia, unajisemea kumbe watu walikuwa wananitisha bure. Hapo ndo mtego ulipo. Brauza na imeili ni nadra kusumbua maana wenye nazo wanazigusa kila mara, kinachogoma ni ile programu ya skana uliyoiinstoli miaka sita iliyopita ukaisahau, au ile ya mahesabu unayoifungua mwisho wa mwaka tu, au kile kidude cha kuingizia sauti kinacholala kabatini mpaka siku ya kurekodi. Na siku unapokikumbuka unakuta njia ya kurudi nyuma imeshafungwa.

Mi yalinikuta. Niliapdeti usiku, wiki mbili nikawa natamba kwa wenzangu kwamba hamna shida yoyote, wiki ya tatu nikatakiwa kuskani mkataba wa kurasa arobaini, nachomeka skana kompyuta haiitambui, naenda tovuti ya mtengenezaji naambiwa modeli hiyo haitolewi draiva (ile programu ndogo inayokiunganisha kifaa na kompyuta) tena, narudi kwenye mipangilio nibonyeze kile kitufe cha kurudi toleo la zamani, kitufe hakipo. Nikaishia kupiga picha kwa simu kurasa moja moja huku kivuli cha mkono wangu kikitokea kila picha. Kwa hiyo haya nayaandika kwa uchungu kidogo.

Kwanza tuelewane kwa nini vitu vinakufa. Programu haisimami peke yake, imeegemea vipande vya mfumo endeshi (Windows, macOS na wenzake), sasa mwenye mfumo akiamua kung'oa kipande, kila kilichokiegemea kinaanguka hata kama chenyewe hakina kosa. Angalia macOS Catalina ya Oktoba 2019, Apple waliondoa kabisa uwezo wa kuendesha programu za biti 32, zile za muundo wa zamani, waliokuwa na Office 2011 wakakuta haifunguki, siyo kwamba inafunguka kwa shida, haifunguki. Wenye iPhone walikuwa wameshalionja mwaka 2017 kwenye iOS 11. Upande wa Windows nako Windows 11 haina toleo la biti 32, kwa hiyo vile viprogramu vya kale vya biti 16 vilivyokuwa vinajikongoja kwenye Windows 10 ya biti 32 havina pa kwenda. Kinachoniudhi ni kwamba onyo huwa linakuja mapema, Apple walianza kutoa tahadhari kwenye skrini tangu 2018, mtu unaona ile meseji unabonyeza sawa unaendelea na kazi. Na sasa hivi kuna onyo lingine hilohilo linapita: Mac za chipu za Apple zinaendesha programu za Intel (zilizoandikwa kwa Mac za zamani zenye chipu za Intel) kwa msaada wa kitu kinaitwa Rosetta, na Apple wameshasema kitakuwepo kikamilifu mpaka macOS 27 tu. Ukifungua Activity Monitor kuna safu inakuonyesha, kati ya programu zilizo wazi, gani ni ya Intel na ipi ni ya Apple. Angalia leo, dakika tano tu, alafu zile za Intel uanze kuzitafutia matoleo mapya au mbadala.

Sasa orodha. Usiandike kwa kukumbuka kichwani maana kichwa kinakumbuka vya jana tu, fungua lile listi la programu zote zilizoinstoliwa, pita moja baada ya nyingine, na kila moja jiulize mara ya mwisho nimeitumia lini na itakapohitajika tena itakuwa siku gani. Alafu nenda kwenye droo na kabati, vitu vyote vyenye waya wa USB viandike, printa, skana, kisoma kadi, ile flashi ya laiseni ambayo programu haifunguki mpaka uichomeke (hiyo ni hatari kuliko zote, maana ina draiva yake na mara nyingi kampuni iliyoitengeneza imeshanunuliwa mara mbili). Alafu plagini, vile viprogramu vya nyongeza vinavyoingia ndani ya programu kubwa. Watu wa muziki na video mnanielewa, programu kubwa inasapotiwa mnashangilia, mnaapdeti, kumbe katika plagini thelathini kuna nne ambazo mtengenezaji aliacha kuzishughulikia zamani, ukifungua projekti ya mwaka jana inafunguka na mapengo. Na ile apu ya kazini ya kuingilia mtandao wa ofisi, usiisahau, hiyo ikifa Jumatatu asubuhi utajieleza kwa watu ambao hawana muda.

Ukishapata orodha unaenda kuulizia kila kitu kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, na hapa soma maneno kwa makini. Wakisema inasapotiwa maana yake ikiharibika watakusaidia. Wakisema inafanya kazi ila haijajaribiwa rasmi maana yake uko peke yako. Wakikaa kimya na toleo la mwisho walilitoa miaka minne nyuma, we ichukulie kwamba imekufa, ikiwaka baada ya apdeti hiyo ni bahati na isikutie kiburi.

Draiva nazipa nafasi yake maana ndo zinazoleta skrini ya bluu, siyo kugoma tu. Programu ya kawaida ikikosea inajifunga yenyewe, draiva inakaa ndani kabisa ya mfumo, ikikosea inaondoka na kompyuta nzima. Wanaokumbuka Windows Vista ya 2007 wanajua, namna ya kuandika draiva za kadi za video ilibadilishwa na vifaa kibao vikabaki mapambo kwa miezi. Kabla ya kuapdeti Windows, ingia Windows Security, kuna sehemu ya Core isolation, jaribu kuwasha ile memory integrity (ulinzi unaozuia draiva zisizoaminika), ikikataa itakutajia draiva zinazoikwamisha kwa majina ya mafaili. Hayo majina yachunguze ni ya kifaa gani, mara nyingi unakuta ni mabaki ya kifaa ulichogawa zamani, yafute tu. Afu daunlodi kabisa draiva ya vaifai na ya kadi ya mtandao uziweke kwenye flashi, maana ikitokea zimepotea hutakuwa na intaneti ya kuzidaunlodia, na hilo ukiwa ndani yake halichekeshi.

Kuna kingine kinachowachanganya watu, diski za mtandaoni, yale maboksi ya kuhifadhi faili yanayochomekwa kwenye ruta. Unaapdeti kompyuta, faili hazionekani, unadhani boksi limekufa. Boksi ni zima. Tangu 2017 Microsoft walianza kuiondoa kwenye Windows 10 SMB1, ile lugha ya zamani ya kushea faili, na Windows 11 Pro ya 24H2 iliyotoka 2024 ndo imekaza zaidi, inadai mawasiliano yawe na saini na inakataa kuingia kama mgeni bila paswedi. Dawa ni kuapdeti boksi lenyewe kwanza na kulitengenezea akaunti yenye paswedi, siyo kwenda kuizima hiyo sekyuriti kwenye kompyuta kama baadhi ya video zinavyoshauri.

Sasa njia ya kurudi. Kwenye Windows 11 ukiapdeti toleo kubwa unapewa siku 10 za kubadili mawazo, baada ya hapo folda ya Windows.old, inayotunza toleo la zamani, inafutwa na ndo basi. Siku 10! Wakati kile kitu ulichokisahau unakitumia kila baada ya miezi mitatu. Wengi hawajui kwamba hizo siku zinaongezeka mpaka 60, lazima ufanye kabla hazijaisha, fungua terminal (lile dirisha la kuandika amri) kama msimamizi andika DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60 basi, ila ujue folda hiyo inakula nafasi kubwa na ukipitisha Disk Cleanup, ile ya kusafisha diski, ukaweka tiki pasipotakiwa umeifuta mwenyewe. Na ukirudi, programu ulizoinstoli baada ya apdeti zinaondoka.

Kwingine kugumu zaidi. Mac unarudi kwa kufuta diski, kuinstoli toleo la zamani na kurejesha bakapu ya Time Machine (programu ya bakapu ya Mac yenyewe) ya kabla ya apdeti, bila hiyo bakapu sahau. iPhone ndo kabisa, Apple wakishaacha kuidhinisha toleo la zamani hulipati tena, na bakapu iliyotengenezwa na iOS mpya haiingii kwenye iOS ya zamani, kwa hiyo bakapu iwe imekaa pembeni kabla. Android kurudisha toleo kwa kawaida ni kufuta simu yote. Tena Android kuna jambo dogo la kuangalia, kuanzia Android 14 mfumo unakataa kuinstoli apu zilizotengenezwa kwa ajili ya matoleo ya kabla ya Android 6, zile ambazo tayari zipo kwenye simu zinabaki, sasa mtu apu yake ya zamani ikizingua kidogo anaifuta ili aiweke upya, haiingii tena. Usifute.

Bakapu yenyewe iwe kwenye diski ambayo unaichomoa, na ufungue faili mbili tatu uone zinafunguka, bakapu ambayo haijawahi kufunguliwa ni tumaini tu. Pamoja na hiyo, kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kile kifungo cha usiri cha Windows, tafuta ule ufunguo wa tarakimu 48 uuandike mahali ambapo siyo ndani ya kompyuta hiyohiyo, kuna watu baada ya apdeti kompyuta inawauliza huo ufunguo na akaunti ulikohifadhiwa walishasahau paswedi yake. Programu zenye laiseni ya mashine moja zitoe laiseni kwanza, maana ukija kulazimika kufuta diski, mashine yako mwenyewe itaonekana ni ngeni.

Muda nao. Mi siingii wiki ya kwanza, na siyo uoga. Oktoba 2018 Microsoft walitoa apdeti ya Windows 10 iitwayo 1809, ndani ya siku chache wakaisimamisha kwa sababu kuna watu faili zao zilifutika, ikarudi katikati ya Novemba. Waliosubiri mwezi mmoja hawakujua hata kama kulikuwa na jambo. Ubuntu (mfumo endeshi wa Linux) wenyewe wanalijua hili, ukiwa kwenye LTS, yaani toleo lenye sapoti ya miaka mingi, hawakuletei LTS mpya mpaka litoke toleo lake la kwanza la marekebisho, lile lenye .1 mwishoni, na ukipanda, hazina za programu za watu wa nje zinazimwa, inabidi uziwashe upya moja moja ukishahakikisha zina toleo lako. Na ukiona Windows haikuletei apdeti wakati jirani yako ameshaipata, usikimbilie kuilazimisha kwa flashi, mara nyingi wameizuia makusudi kwa sababu mashine yako ina draiva au programu inayojulikana kugombana na toleo hilo.

Ila kusubiri kusigeuke kuganda. Zile apdeti ndogo za usalama za kila mwezi ziache ziingie, ninachosema hapa ni zile kubwa za kubadilisha toleo. Na mfumo ukishafikia mwisho wa sapoti hali inageuka, Windows 10 ilifikia tarehe 14 Oktoba 2025. Kama kuna programu moja ya kizamani inayokushikilia pale, hiyo programu ihamishie kwenye mashine pepe (kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta yako) au laptopu ya zamani isiyogusa intaneti, nyingine zote zisonge mbele.

Siku yenyewe acha nafasi ya kutosha kwenye diski, chomeka chaja, na isiwe usiku wa kuamkia kazi ya watu. Ikishawaka usiende kuangalia picha mpya ya skrini. Chukua ile orodha uanzie chini, kwenye vitu unavyovitumia kwa nadra, skani karatasi moja, chapisha moja, rekodi sekunde kumi, fungua faili la mahesabu la mwaka juzi, chomeka ile flashi ya laiseni. Mi saa hizi skana yangu mpya huwa ndo kitu cha kwanza kuchomekwa, hata kabla ya kufungua brauza.