Somo: Kuweka video kwenye tovuti kwa VP9, AV1 na Opus, na hataza zinakugusa wapi

Somo hili ni la mnaotunza tovuti za kampuni za utalii, hoteli na shule hapa Arusha na Moshi. Kazi yetu ya mfano: klipu ya sekunde 90 ya njia ya Machame, imepigwa 4K kwa simu, iwekwe kwenye ukurasa wa mbele na ifunguke kwa mteja aliyeko Ujerumani na pia kwa mtu wa Boma Ng'ombe anayetumia bando la siku.

Kwanza, nani anamdai nani

Hataza (patent) ni haki ya nchi mojamoja. Ya Marekani haina nguvu Moshi. Ili itumike hapa lazima iwe imesajiliwa BRELA, au ARIPO, ofisi ya hataza ya kanda kule Harare, ikiwa imeitaja Tanzania. Kwa hiyo wengi huona mambo haya hayatuhusu. Yanatuhusu kwa mlango wa nyuma: simu na kivinjari cha mteja wako vimetengenezwa na kampuni zinazouza Marekani na Ulaya. Hizo ndizo zinazolipa mrabaha wa kodeki, yaani mbinu ya kubana na kufungua video au sauti, na zikikataa kulipa, video yako haifunguki.

Mfano ulio wazi ni H.265, yaani HEVC, ya mwaka 2013. Wenye hataza zake waligawanyika makundi kadhaa, kila kundi na bei yake. Matokeo: Microsoft huuza kiongezi cha kuifungua kwenye Windows kwa senti 99 za dola, huku iPhone tangu iOS 11 ya mwaka 2017 zikirekodi kwa HEVC bila kumuuliza mwenye simu. Guide anarudi mlimani na klipu nzuri, anaituma ofisini, kompyuta ya ofisini inatoa sauti bila picha. Faili ni nzima. Kinachokosekana ni leseni.

H.264 ya mwaka 2003 nayo ina hataza, zilizokusanywa na MPEG LA, kampuni ya kutoa leseni za hataza kwa niaba ya wenyewe, ambayo tangu 2023 imo ndani ya Via LA. Ila mwaka 2010 MPEG LA ilitangaza kwamba video ya intaneti inayotazamwa bure haitatozwa mrabaha kwa uhai wote wa leseni hiyo. Anayekutisha kwamba utashitakiwa kwa kuweka MP4 kwenye tovuti ya kampuni anakupotezea muda.

Upande wa pili kuna VP9 ya Google, 2013, na AV1 ya Alliance for Open Media, 2018. Muungano huo ulianzishwa 2015 na Amazon, Cisco, Google, Intel, Microsoft, Mozilla na Netflix; Apple iliingia baadaye. Kwa sauti tunatumia Opus, iliyopitishwa na IETF, chombo cha viwango vya intaneti, mwaka 2012 kama RFC 6716. Msielewe vibaya: hizi hazikosi hataza. Zinazo, ila wenyewe wametoa leseni ya bure isiyofutwa, kwa sharti moja: ukiwashitaki wengine kwa hataza zako juu ya kodeki hiyohiyo, leseni yako inakufa. Pia tangu 2019 Sisvel, kampuni nyingine ya leseni za hataza, inadai mrabaha wa VP9 na AV1, lakini viwango ilivyotangaza ni vya watengeneza vifaa kama televisheni na simu. Mwenye tovuti hahusiki.

Basi kwa nini mwenye tovuti ahangaike na VP9? Kwa ubora uleule faili lake ni dogo kuliko la H.264, na kesho keshokutwa ukijenga mtambo wako wa kubana video, hutalazimika kuhesabu nakala ili ulipe mrabaha. Kwangu hizo sababu mbili zinatosha.

Hatua ya 1: Hakikisha ffmpeg yako (programu ya kubana video kwa amri za maandishi) ina vinavyohitajika

`ffmpeg -hide_banner -encoders`

Kwenye orodha tafuta libvpx-vp9, libopus, libx264 na libsvtav1. Kikikosekana kimojawapo, tafuta toleo jingine la ffmpeg. Hakuna amri itakayokiokoa.

Hatua ya 2: Pima faili la asili

`ffprobe -hide_banner machame.mov`

Angalia mambo matatu: kodeki, yaani hevc au h264, mpangilio wa rangi, yaani yuv420p au yuv420p10le, na kama kuna neno arib-std-b67 au smpte2084. Ukiona mojawapo ya hayo mawili ya mwisho, video ni HDR, yaani ina mwanga na rangi pana kuliko video ya kawaida. Soma swali la tatu hapo chini kabla ya kuendelea.

Hatua ya 3: VP9 kwa mizunguko miwili

`ffmpeg -i machame.mov -vf "scale=-2:720,fps=30" -pix_fmt yuv420p -c:v libvpx-vp9 -b:v 0 -crf 33 -row-mt 1 -tile-columns 2 -cpu-used 4 -pass 1 -an -f null /dev/null`

`ffmpeg -i machame.mov -vf "scale=-2:720,fps=30" -pix_fmt yuv420p -c:v libvpx-vp9 -b:v 0 -crf 33 -row-mt 1 -tile-columns 2 -cpu-used 2 -pass 2 -c:a libopus -b:a 64k machame.webm`

Kwenye Windows badala ya /dev/null andika NUL.

Mzunguko wa kwanza hautoi video. Unaandika kumbukumbu, ffmpeg2pass-0.log, inayoonyesha wapi picha ni nzito na wapi ni nyepesi. Usibane video mbili kwa wakati mmoja ndani ya folda moja, maana kumbukumbu ya pili itafuta ya kwanza na picha itaharibika bila onyo lolote. Umeme ukikatika wakati wa mzunguko wa pili, rudia huo wa pili tu.

`-b:v 0` usiiache. Bila hiyo, matoleo ya zamani ya ffmpeg huchukua -crf (kipimo cha ubora) kama ombi tu na kuweka dari ya chini ya biti. Msitu wa Machame wenye majani na ukungu unatoka vibandebande. Kiwango cha crf: ukipunguza namba, picha inakuwa safi na faili linakuwa kubwa. Kwa 720p anza na 32 au 33. Picha za majani, mvua na vumbi la Tarangire zinakula biti kuliko mtu aliyekaa anaongea, hivyo usishangae klipu mbili za urefu uleule zikitofautiana ukubwa maradufu.

`-pix_fmt yuv420p` nayo ni lazima. Video ya kurekodi skrini mara nyingi huwa 4:4:4, yaani rangi zake hazijapunguzwa, na ffmpeg ikiachwa itatoa VP9 ya profaili 1, ambayo chipu za simu nyingi haziijui. Kwenye kompyuta yako itacheza vizuri, kwa mteja itagoma.

Hesabu ya haraka ya ukubwa: jumla ya kilobiti kwa sekunde, zidisha kwa sekunde, gawanya kwa 8, unapata kilobaiti. Video ya 1,024 na sauti ya 64 kwa sekunde 90 ni kama MB 12.2. Ukitaka isizidi MB 5, una kilobiti 444 tu za kugawana. Shuka hadi 480p au kata klipu. Mimi ningekata. Hakuna anayetazama sekunde 90 kwenye ukurasa wa mbele.

Hatua ya 4: MP4 ya akiba

`ffmpeg -i machame.mov -vf "scale=-2:720,fps=30" -pix_fmt yuv420p -c:v libx264 -profile:v main -level 3.1 -crf 23 -preset slow -c:a aac -b:a 96k -movflags +faststart machame.mp4`

Ni kwa ajili ya iPhone za zamani, kwa kuwa Safari ya iOS ilichelewa sana kukubali WebM, aina ya faili inayobeba VP9, AV1 na Opus. `+faststart` inahamisha faharasa ya faili kutoka mkiani hadi mwanzoni, ili video ianze kabla haijashuka yote.

Hatua ya 5: AV1, kwa anayetaka

`ffmpeg -i machame.mov -vf "scale=-2:720,fps=30" -pix_fmt yuv420p -c:v libsvtav1 -preset 6 -crf 35 -c:a libopus -b:a 64k machame-av1.webm`

Inabana kuliko VP9. Tatizo ni simu za bei ya chini zisizo na chipu ya AV1: zinafungua kwa nguvu ya prosesa, zinapata moto na kumaliza chaji. Kama wageni wako wengi wako hapa nchini, iache. Kama wengi wako Ulaya na unalipia data ya seva kwa gigabaiti, iweke.

Hatua ya 6: Ukurasa

```
<video controls preload="none" poster="machame.jpg" width="1280" height="720">
<source src="machame-av1.webm" type='video/webm; codecs="av01.0.05M.08, opus"'>
<source src="machame.webm" type='video/webm; codecs="vp9, opus"'>
<source src="machame.mp4" type='video/mp4; codecs="avc1.4D401F, mp4a.40.2"'>
</video>
```

Kivinjari hakitafuti faili dogo. Kinashuka orodha na kuchukua la kwanza kinaloamini kinaliweza. MP4 ikikaa juu, hayo mengine hayataguswa milele. Na usidanganye kwenye `type`, kwa sababu kivinjari kikishakubali faili na video ikagoma katikati, hakirudi kujaribu la chini yake.

`preload="none"` ni huruma kwa mwenye bando: hakuna kinachoshuka mpaka abonyeze.

Hatua ya 7: Seva

`curl -s -o /dev/null -D - -r 0-1023 https://tovuti-yako/machame.webm`

Unataka kuona 206 na Content-Type ya video/webm. Ukipata 200, seva haitoi vipande, na mtazamaji hawezi kuruka mbele. Safari inaweza kukataa kabisa. Ukipata text/plain au application/octet-stream, kwenye seva ya Apache ongeza mstari huu ndani ya .htaccess:

`AddType video/webm .webm`

Maswali ya wanachama

Swali, Sakina: Mkuu, nimemtumia bosi ile WebM kwa WhatsApp akaniambia haichezi. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea. WhatsApp inataka MP4 yenye H.264 na AAC. Mtumie ile ya hatua ya 4. WebM ni ya kivinjari.

Swali, Moshi mjini: Mimi napiga video za harusi. Kitabu cha kamera kimeandika kwamba leseni ya AVC ni ya matumizi binafsi, si ya biashara. Nauza DVD na flashi. Je, nadaiwa?

Jibu: AVC ndiyo hiyo H.264. Maneno hayo yapo kwenye vitabu vya kamera nyingi, na yanatoka kwenye masharti ya MPEG LA. Soma viwango vyenyewe: kazi inayouzwa mojamoja isiyozidi dakika 12 haina mrabaha. Ikizidi hapo, ni asilimia 2 ya bei au senti 2 za dola kwa nakala, unalipa kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kwa nakala 20 za send-off, hiyo ni senti 40 za dola. Zaidi ya hapo, DVD ya kawaida inayochezwa na deki hutumia MPEG-2, si H.264, kwa hiyo suala hili linagusa flashi zako tu. Kamera kurekodi H.264 hakukuzuii kumkabidhi mteja WebM, ila televisheni yake inaweza isiisome, na hapo utakuwa umemkomoa bibi harusi kwa sababu ya kanuni.

Swali, Njiro: Klipu za iPhone ya guide zinatoka zimepauka, Kibo ina rangi ya majivu. Nimebadilisha crf, hakuna tofauti.

Jibu: Crf haihusiki. Hiyo ni HDR iliyolazimishwa kuwa ya kawaida bila kutafsiriwa rangi. Weka kichujio hiki mahali pa -vf, kwenye mizunguko yote miwili:

`-vf "zscale=t=linear:npl=100,format=gbrpf32le,zscale=p=bt709,tonemap=hable:desat=0,zscale=t=bt709:m=bt709:r=tv,scale=-2:720,fps=30,format=yuv420p"`

Ikisema haimjui zscale, ffmpeg yako imejengwa bila zimg, maktaba inayotoa kichujio hicho. Dawa ya kudumu ni kumwambia guide azime HDR kwenye mipangilio ya kamera kabla ya kupanda.

Swali, Usa River: Laptop yangu ni i3 ya zamani. Mzunguko wa pili unatambaa.

Jibu: Dada, pandisha `-cpu-used` ya mzunguko wa pili iwe 4, utapoteza ubora kidogo tu. Usiguse `-row-mt 1`. Bila hiyo, kazi hugawanywa kwa nguzo za picha peke yake, na kwa upana wa 1280 nguzo haziwezi kuzidi nne. Tena kata klipu kwanza kwa `-ss` na `-t` badala ya kubana dakika tano ili utumie moja.

Swali, Tengeru: Tunatengeneza app ya kubana video, tutaigawa bure. Tukiweka x264 ndani?

Jibu: Hapo kuna madeni mawili, msiyachanganye. La kwanza ni hakimiliki: x264, programu ya kubana H.264, iko chini ya GPL, leseni ya programu huria, hivyo ama mtoe msimbo wa app yenu chini ya masharti hayo, ama mnunue leseni ya biashara. La pili ni hataza: leseni ya H.264 haitozi nakala 100,000 za kwanza kila mwaka, kisha ni senti 20 za dola kwa kila nakala, hata kama ninyi mnaigawa bure. Njia nyepesi ni kutumia kodeki iliyomo ndani ya Android kupitia MediaCodec, ambayo imekuja na simu yenyewe. Mkitaka kubeba kodeki yenu, chukueni libvpx: leseni yake ni ya BSD, imeambatana na ruhusa ya hataza kutoka Google, na haina kikomo cha nakala. Anzeni na VP9. AV1 kwenye simu za wateja wenu itawaletea malalamiko ya chaji kabla ya sifa.