Kuweka kalavati ambalo samaki watapita

Nimetoka kumsaidia fundi mmoja wa Muheza, mkoani Tanga, kwenye barabara inayokata kijito kinachoshukia Mto Sigi, nikaona niuandike utaratibu wote. Samaki wa huku wanasafiri. Kambale hupanda na maji ya kwanza ya masika kutafuta pa kutaga. Mkunga huzaliwa Bahari ya Hindi, kisha huja kukulia mitoni. Kalavati ambalo mdomo wake umening'inia sentimita 30 juu ya maji ni ukuta kwa perege na kwa vifaranga vya samaki.

1. Kibali. Barabara za wilaya ni za TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), mto ni wa Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Anzia huko.

2. Upana. Pima kijito kinavyojaa hadi ukingoni, si maji ya kiangazi. Mimi huzidisha kwa 1.2: kijito cha mita 2, uwazi mita 2.4. Mabomba mawili membamba sambamba siyataki kabisa, magogo hunasa katikati. Boksi kalavati lisilo na sakafu ndilo bora, mradi msingi ushuke chini ya pale mafuriko yanapochimba.

3. Kimo cha kitako, yaani sehemu ya chini kabisa ya kalavati. Hapa usiharakishe. Penye kalavati la zamani, upande wa juu pamejaa mchanga na upande wa chini maji yamechimba shimo. Ukiunganisha sehemu hizo mbili, mteremko unaoupata si wa kijito. Vuka zote mbili, upime jumla ya mita 60 hivi kwa kijito cha mita 2. Pimia pale maji yanapopita juu ya changarawe kabla ya kuingia dimbwini, usipimie ndani ya dimbwi. Mpira mwembamba uliojaa maji, ule wa kulinganisha usawa, unatosha, ila utoe viputo vyote; kimoja tu kinakupotosha.

Unganisha vipimo vya juu na vya chini kwa mstari mmoja kupita chini ya barabara. Huo ni usawa wa changarawe ndani ya kalavati, si wa kitako cha bomba. Kwa kijito chembamba zaidi, bomba la kipenyo cha mita 1.5 lizikwe asilimia 30, yaani sentimita 45, na mafuriko uyapigie hesabu kwa uwazi uliobaki. Kama kalavati la zamani ndilo lililoshikilia udongo wa juu, ukilishusha mmomonyoko utapanda hadi mashambani. Panga kwanza mawe makubwa kukata kijito, kwa ngazi fupi fupi. Karibu na mikoko njia hii haifai, kule maji kujaa na kupwa ndiko kunakotawala.

4. Kujaza. Usiuachie mto kazi ya kujaza changarawe ndani ya kalavati. Changanya mawe, changarawe na mchanga wenye udongo, mwagia maji kila tabaka hadi yapite juu. Mawe matupu hunywa maji yote kiangazi.

5. Baada ya masika kagua mdomo wa chini. Ukiona maji yameanza kuanguka, ongeza mawe makubwa kabla ya vuli.