Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kurudisha Gari la Kukodi, Ili Usilipie Mafuta Usiyoyatumia

Kabla ya kusaini mkataba wa kukodi gari, tafuta kifungu cha mafuta na ukisome chote, hata kama mhudumu amekwisha kukupa kalamu na wateja wengine wanahema nyuma yako. Taratibu zinazotumika sana ni tatu. Ya kwanza ni kulichukua gari tangi likiwa limejaa na kulirudisha likiwa limejaa. Hiyo ndiyo ya kuchagua ukipewa nafasi ya kuchagua. Ya pili ni kulirudisha likiwa na kiasi kile kile ulichokikuta, iwe nusu au robo, na hapo ugomvi huzuka juu ya swali dogo la mshale wa mafuta ulisimama wapi hasa. Ya tatu ni kulipia tangi zima mapema, kisha ukalirudisha gari na chochote kilichobaki. Mafuta hayo huwa sadaka yako kwa kampuni, kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili timamu anayeendesha mpaka tangi likauke. Mwaka 2015, baada ya malalamiko ya wateja, kampuni 5 kubwa za kukodisha magari ziliiahidi Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, kwamba mteja atapewa daima nafasi ya kuchagua utaratibu wa kwanza. Ahadi hiyo haiifungi kila kampuni duniani, lakini inakuonyesha kwamba ukiuomba utaratibu huo huombi jambo la ajabu.

Katika kifungu hicho hicho, angalia bei ya lita endapo watajaza wao, na uangalie kama kuna ada ya huduma juu yake. Bei hiyo kwa kawaida huzidi ya kituo cha mafuta, na ukishaisaini ni vigumu kuipinga. Kwa hiyo, siku ya mzozo ikifika, usipoteze nguvu zako kwa kulia kwamba lita yao ni ghali. Pinga idadi ya lita, maana idadi inahesabika.

Hakikisha unajua kama gari linatumia petroli au dizeli.

Unapokabidhiwa gari, lisimamishe mahali tambarare, fungua swichi, subiri mshale utulie, kisha piga picha inayoonyesha geji ya mafuta pamoja na kilomita. Nasema mahali tambarare kwa sababu ndani ya tangi kuna boya linalopanda na kushuka na mafuta, na gari likiinama mafuta hukimbilia upande mmoja, boya likaongopa. Kama mshale haukufika juu kabisa, usikubali kuambiwa kwamba ni kawaida ya gari hilo. Fomu irekebishwe mbele yako kabla gurudumu halijazunguka. Fahamu pia kwamba katika magari mengi mshale hubaki juu kwa makumi ya kilomita baada ya kujaza, ndipo uanze kushuka. Maana yake ni kwamba mteja aliyekutangulia anaweza kuwa alijaza mbali na kulirudisha gari likiwa limepungua lita 3 au 4, wewe ukazilipia pampuni bila kujua. Hasara hiyo ivumilie, kwa sababu haina ushahidi.

Sasa niseme lililonigharimu mimi.

Nilikodi gari dogo lenye tangi la lita 50, nikaendesha kilomita 412, na jioni ya mwisho nikajaza tangi katika kituo kilichokuwa karibu kabisa na mahali pa kulirudishia. Ziliingia lita 26, pampu ikajikata yenyewe, nikalipa na kuchukua risiti iliyoandikwa saa 3 na dakika 10 usiku. Ofisi ya kampuni ilikuwa imefungwa, lakini palikuwa na kisanduku cha kutumbukiza funguo, na mkataba uliruhusu kulirudisha gari kwa njia hiyo. Nikalipanga gari, nikalifunga, nikatumbukiza funguo na kwenda zangu nikijiona mtu makini. Siku 9 baadaye kadi yangu ilikatwa fedha za robo tangi, yaani lita 12.5, kwa bei yao ya lita, pamoja na ada ya huduma.

Niliwatumia risiti siku hiyo hiyo, nikiamini kwamba shauri limekwisha. Jibu lao lilikuwa la adabu na lilinikata maini. Walisema kwamba risiti inaonyesha kuwa mtu fulani alinunua lita 26, lakini haionyeshi kwamba ziliingia katika gari hilo, wala kwamba tangi lilijaa, wala kwamba gari halikuendeshwa tena baada ya hapo. Mfanyakazi wao alilifungua gari saa 1 asubuhi akakuta mshale kwenye robo tatu. Kati ya risiti yangu na macho yake kulikuwa na karibu saa 10 ambazo sikuweza kuzieleza kwa chochote zaidi ya neno langu.

Nikajaribu hesabu. Lita 26 kwa kilomita 412 ni lita 6.3 kwa kila kilomita 100, kiwango kinacholingana na gari dogo. Nikawaambia kwamba ili kuchoma lita 12.5 nyingine ningelazimika kuendesha kilomita zipatazo 200 usiku ule. Wao wakazigeuza hesabu zangu: wakajumlisha lita 26 na lita 12.5, wakazigawa kwa kilomita 412, wakapata lita 9.3 kwa kila kilomita 100, wakasema kwamba gari likikwama kwenye foleni hula kiasi hicho bila shida. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi, na hilo ndilo lililoniuma. Nilichokosa ni picha moja tu, ya mshale ukiwa juu pamoja na kilomita zilizokuwa kwenye dashibodi nilipokuwa pale pampuni. Ankara yao yenyewe ilikuwa na kilomita za asubuhi. Kama ningeweza kuonyesha kwamba tangi lilijaa, na kwamba tofauti kati ya kilomita za pampuni na zile za asubuhi ni kilomita 3, hadithi ya foleni ingekufa papo hapo, kwa kuwa gari haliwezi kunywa robo tangi ndani ya kilomita 3. Baada ya barua nne walinirudishia ada ya huduma na kubaki na fedha za mafuta. Benki nayo iliniomba ushahidi ule ule nisiokuwa nao. Hadi leo sijui kama gari lilisogezwa usiku, kama msomaji wa geji alikosea, au kama alisoma gari jingine.

Tangu hapo sitoki kituoni kabla ya kufanya jambo hili, nawe ulifanye. Ukishajaza, sogeza gari mbali na pampu, fungua swichi, subiri geji ipande, kisha ishike risiti kando ya dashibodi na upige picha moja inayoonyesha vitu vitatu kwa pamoja: mshale uliofika juu, kilomita, na risiti yenye saa, jina la kituo na idadi ya lita. Picha tatu tofauti hazina nguvu hiyo, kwa sababu kila moja inaweza kudaiwa kuwa ya siku nyingine. Picha hiyo ina faida ya pili pia, kwani risiti nyingi huchapwa kwa joto, bila wino, kwenye karatasi maalumu, na maandishi yake hufifia kabla mzozo haujaisha. Lipa kwa kadi badala ya fedha taslimu ili benki nayo iwe na kumbukumbu. Pampu ikijikata usiendelee kushindilia, ila kama idadi ya lita ni ndogo mno ukilinganisha na kilomita ulizokwenda, subiri kidogo ujaribu tena, maana dizeli hutoa povu na pampu hudanganyika.

Mikataba mingine hudai kwamba kituo kisizidi umbali fulani kutoka mahali pa kurudishia. Usome umbali huo siku ya kwanza, wala si siku ya mwisho ukiwa unakimbilia ndege.

Lirudishe gari wakati ofisi iko wazi. Mwite mhudumu asome geji na kilomita nawe ukiwa umesimama hapo, na usiondoke bila karatasi yenye namba hizo, saa na sahihi yake. Akisema kwamba utatumiwa baadaye, mwombe aandike hata kwenye nakala yako ya mkataba. Ukilazimika kutumia kisanduku cha funguo, piga picha ya pili ya dashibodi gari likiwa limekwisha kuegeshwa, na nyingine ya nje inayoonyesha namba ya gari na mahali lilipo.

Makato yakija licha ya yote hayo, andika; usipige simu, kwa sababu simu haiachi alama. Kabla ya kubishana, waombe wakutajie geji ilisomwa na nani, saa ngapi, kilomita zilikuwa ngapi, na tangi la gari hilo lina ujazo gani. Swali la ujazo si la kujaza nafasi: lita zilizotozwa zikiwa nyingi kuliko nafasi iliyokuwamo tangini, ankara imejifunga yenyewe. Baada ya hapo eleza hesabu yako kwa sentensi chache. Kwa mfano, tangi la lita 50 likitozwa robo baada ya kilomita 8 tu kutoka pampuni, maana yake gari limekula zaidi ya lita 150 kwa kila kilomita 100, na hakuna gari dogo la namna hiyo. Taja kiasi unachotaka kurudishiwa na tarehe unayotegemea jibu.

Wakikaa kimya, ipelekee benki pingamizi, yaani ombi la kurudishiwa fedha zilizokatwa kwenye kadi, pamoja na vielelezo vyote. Mitandao mikubwa ya kadi huweka muda maalumu, ambao kwa aina nyingi za pingamizi ni siku 120, na barua za kubembelezana na kampuni hazisimamishi muda huo.

Magari ya umeme yana mzozo huo huo kwa asilimia za betri, kwa hiyo picha ni ile ile. Kama mliendesha wawili, aliyejaza ndiye apige picha. Tena usifute picha hizo amana yako, yaani fedha za dhamana zilizozuiwa kwenye kadi, inapoachiliwa, kwa kuwa kuachiliwa kwa amana si kufungwa kwa hesabu, na makato ya mafuta yanaweza kuja wiki kadhaa baadaye; kagua taarifa ya kadi yako kila mwezi mpaka muda wa pingamizi upite.